Mfua Nguo Alitoka kwa Mlango Gani?

Hakimu wa kwenye filamu alipotamka "miaka kumi na miwili na kazi ngumu," mzee mmoja wa safu ya nne alisimama katikati ya giza la ukumbi, akapaza sauti.

"Uongo! Kitabu hakisemi hivyo!"

"Kaa chini, unatuziba," alijibiwa kutoka safu ya tano.

"Nikae chini wakati mtu asiye na hatia anafungwa?"

"Kwani wewe ukisimama ndiyo atatoka?"

Ukumbi ulicheka, na kwa kuwa ulicheka haukusikia maneno ya mwisho ya mfua nguo, ambayo watengenezaji wa filamu walikuwa wameyaandaa ili watu walie. Wachache walioyasikia walilia, nao wakawakasirikia waliocheka. Kwa hiyo taa zilipowashwa, alasiri ile ya Jumamosi, hakuna aliyetoka bila maoni.

Filamu ilitokana na riwaya ya zamani iitwayo *Kesi ya Mfua Nguo*. Tajiri mmoja anakutwa amekufa kitandani, kikombe cha chai yenye sumu pembeni. Anayeshitakiwa ni mwanamke aliyekuwa akimfulia nguo, na ushahidi mkubwa ni kifungo kimoja cheusi kilichookotwa chini ya kitanda. Wiki nzima mtaa ulikuwa haunong'oni jambo jingine.

Aliyesimama gizani alikuwa fundi saa. Alikuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka, yenye taa ndogo na lenzi ya kuvaa jichoni, na alikuwa na mazoea yaliyompatia jina. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza, "Imeandikwa ukurasa wa ngapi?" Ukimwambia nyama imepanda bei, atauliza vilevile. Wakamwita Bwana Ukurasa. Walimwita hivyo kwa kumheshimu na kwa kumcheka, nusu kwa nusu, naye aliichukua ile nusu ya heshima akaachana na nyingine.

Kwenye ngazi za ukumbi, kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa hukumu. Duka lake lilitazamana na meza ya fundi saa, na kwa miaka kumi na tisa wawili hao walikuwa wamebishana juu ya kila kitu.

"Mimi nilijua atafungwa tangu mwanzo," alisema kinyozi. "Mliziona nywele za yule wakili wake? Mtu aliyenyolewa vile hashindi kesi hata ya kuku."

"Mimi simwamini mfua nguo mwenyewe," alisema mama mmoja mnene akifunga mkoba wake. "Kafua filamu nzima, mikono haijaloa hata mara moja."

"Lakini kulia, kalia vizuri."

"Kalia kwa jicho moja. La kushoto lilikuwa kavu kabisa. Nilikuwa naliangalia."

Binti wa fundi saa, ambaye ni nesi, alitikisa kichwa. "Sumu ile haiui kwa dakika mbili. Na yule daktari kampima maiti mapigo ya moyo upande wa kulia. Ningekuwa hakimu ningemfunga daktari."

"Mimi kinachoniuma ni sheria," alisema mumewe, dereva wa lori, mtu mpole mwenye sauti nene. "Wakili kapita taa nyekundu mara mbili akiwahi mahakamani. Mara mbili! Hakuna aliyemgusa. Anayefungwa ni mfua nguo, ambaye hata gari hana."

"Mnashughulika na makombo," alisema Bwana Ukurasa. "Kosa kubwa ni moja. Wameharibu kitabu."

Akawasimulia. Kitabuni, alisema, mfua nguo hafungwi. Wakili wake anapoishiwa maneno, mwanamke mwenyewe anainua mkono, anaomba apewe kile kifungo. Anakigeuza. Anamwonyesha hakimu kwamba uzi uliobaki kwenye matundu umekunjwa mara mbili na kuzungushwa shingoni, kama wafanyavyo mafundi wa makoti ya bei kubwa. "Mheshimiwa," anasema, "mimi nafua, sishoni. Na kanzu yangu hii, kama unavyoiona, imefungwa kwa pini." Macho yote yanamgeukia mpwa wa marehemu, aliyevaa koti jeusi na kuziba kifua kwa kofia. Kifungo kinatoshea. Mfua nguo anaachiwa, naye hatoki kwa ule mlango wa pembeni wa washitakiwa. Anatoka kwa mlango wa mbele, na hakimu anasimama.

Yule mama mnene alifungua mkoba akatafuta kitambaa.

"Huo ndio mwisho," alisema dereva wa lori. "Huo nimeukubali."

Kinyozi alikunja mikono kifuani. Alikuwa ameusubiri wakati huu kwa miaka kumi na tisa.

"Imeandikwa ukurasa wa ngapi?"

Watu waliangua kicheko. Bwana Ukurasa alinyoosha kola ya koti lake, na bila kupepesa macho akajibu, "Mia mbili na arobaini na moja."

Nyuma ya watu, mkewe alikuwa akifuta vumbi la kiti kwenye sketi yake. Aliposikia namba hiyo mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

"Mzee, hili ni jambo zuri sana!" Huyo alikuwa mkutubi, mwanamke kijana wa maktaba ya mtaa, akipenya kati ya watu. "Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tufanye mjadala pale maktaba. Filamu na kitabu, kipi kimesema kweli. Nakala yetu ilipotea, nimeshaagiza nyingine makao makuu. Na wewe utasoma sura ya mwisho mbele ya watu. Kamati yote itakuwepo." Akapunguza sauti. "Itakuwa vizuri wakuone kabla ya Jumatatu."

Bwana Ukurasa alisema itakuwa heshima kwake.

*

Jumatatu hiyo, siku mbili baada ya mjadala, ndiyo siku aliyokuwa akiingoja. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na barua ya kamati ya maktaba, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Kamati ilikuwa imempendekeza kuwa mwalimu wa darasa jipya la jioni, la watu wazima wanaojifunza kusoma. Angekabidhiwa ufunguo wa chumba. Angekaa kwenye kile kiti chenye mikono, mbele ya ubao. Mtu aliyejifunza herufi akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa taa ya mafuta, baada ya kutwa nzima ya kubeba masanduku, sasa angeitwa mwalimu. Barua hiyo alikuwa ameisoma kwa mkewe mara tano, na mara ya tano mkewe alikuwa ameisema pamoja naye kwa kichwa.

Waliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chini ya kitanda. Vitabu vyake vilikuwemo humo, na chini ya vyote, vimefungwa kwa kamba ya viatu, vipande sita vya *Kesi ya Mfua Nguo*.

Vipande sita, kwa sababu darasa lake la jioni, enzi zile, lilikuwa na wanafunzi saba na kitabu kimoja. Mwalimu wao alikuwa mtu wa vitendo. Alichukua wembe, akakikata kitabu sehemu saba, akazishona pembeni kwa uzi. Mwanafunzi wa kwanza akimaliza sehemu ya kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, na hivyo hivyo, kila wiki. Bwana Ukurasa alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na alipewa ahadi kwamba vipande vikishamfikia atavitunza. Aliyemtangulia alikuwa mwanamke mshonaji. Kila wiki alikwenda nyumbani kwa mshonaji huyo kuchukua sehemu, na kila wiki mlango ulifunguliwa na mpwa wa mshonaji, msichana aliyekuwa akijifunza cherehani kwa shangazi yake. Alipata sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Kisha shangazi akahama mji, akamwachia msichana nyumba na cherehani, na Bwana Ukurasa alipokwenda kuuliza sehemu ya saba, yule msichana akamwambia, "Kaondoka nayo."

Sehemu ya saba hakuwahi kuiona kwa macho yake.

Lakini alikuwa amezoea kukaa kwenye kigoda pale mlangoni na kumsimulia yule msichana kila alichosoma. Wiki iliyofuata angekwenda na nini? Akaenda na mwisho alioutunga mwenyewe. Alisema ameazima sehemu ya saba kwa mwanafunzi mwenzake. Msichana alisikiliza mpaka mlango wa mbele, mpaka hakimu anasimama, akakata uzi kwa meno, akasema, "Sasa njoo uongee na wazazi wangu." Hiyo ilikuwa miaka thelathini na minne iliyopita. Mwisho ule alikuwa ameusimulia mara nyingi, kwa binti alipokuwa na surua, kwa wateja wanaosubiri saa zao, hata mwenyewe akaanza kuuona umepigwa chapa.

"Umekipata?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni, juu ya mlio wa cherehani. Alikuwa akishona sare za shule, na kochi zima lilikuwa limelaliwa na makola meupe.

"Kipo, kipo."

"Nisomee basi ule ukurasa. Mia mbili na ngapi?"

"Macho yangu yamechoka na filamu."

"Kesho basi."

"Kesho Jumapili, nina saa ya ukutani ya watu."

"Haya," alisema mkewe. "Mfua nguo kangoja siku zote hizo, atangoja na Jumamosi."

*

Wiki ile hakuna aliyemletea fundi saa tatizo la saa peke yake.

"Mkanda umekatika," alisema karani mmoja akimwekea saa mezani. "Lakini hebu niambie. Yule mpwa alikuwa na koti la vifungo vingapi?"

"Vinne."

"Kwenye filamu vilikuwa vitatu."

"Si ndiyo nasema wameharibu?"

Kule ng'ambo, kinyozi alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo chake na kuigawa mistari miwili: *Afungwe* na *Aachiwe*. Kila aliyenyolewa alipiga alama. Waliotaka afungwe waliketi kiti cha kushoto, waliotaka aachiwe kiti cha kulia, na waliokuja kunyoa ndevu tu walipewa nusu kura. Jumatano jioni kura zilikuwa thelathini na moja kwa ishirini na sita na nusu, aachiwe.

"Unaongoza, Bwana Ukurasa!" kinyozi alipaza sauti. "Lakini mahakama haiendi kwa kura. Inaenda kwa ushahidi. Na ushahidi ni Jumamosi!"

"Ushahidi upo."

"Uje nao. Mimi nitakaa mbele kabisa, nimeshamwambia mkutubi aniwekee kiti. Nitavaa na miwani."

"Wewe huna miwani."

"Nitaazima!"

Alhamisi, Bwana Ukurasa alimrudishia mwalimu mmoja saa ambayo mshale wa dakika ulikuwa unakwenda kinyume. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake. Mwalimu yule aliishika, akaitazama, akaitazama tena, akasema kwa upole unaouma kuliko tusi, "Labda mzee unahitaji kupumzika." Wanafunzi wake wawili waliokuwa wamefuatana naye walitazama chini wakibana midomo.

Mchana huohuo alipita maktaba kuuliza kama kifurushi cha makao makuu kimefika.

"Bado, mzee, ila usiwe na wasiwasi," alisema mkutubi. "Wameniahidi kesho."

"Sina wasiwasi."

"Na kikichelewa, si unacho chako?"

"Ninacho," alisema, akatoka kwa haraka, akagonga goti kwenye mlango wa kioo.

Ijumaa asubuhi aliugua. Alijilaza kitandani na blanketi mpaka kidevuni, akamtuma mkwewe, yule dereva wa lori, akamwite binti. Binti alikuja na sare yake ya kazi, akamtia kipimajoto kwapani, akasubiri, akakisoma.

"Thelathini na sita na nukta sita. Toa ulimi. Vuta pumzi. Baba, wewe huumwi."

"Kichwa kinanigonga."

"Kinakugonga wapi?"

Akaonyesha paji la uso, kisha kisogo.

"Kinahama?" aliuliza nesi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akapunguza sauti. "Baba. Kile kitabu unacho au huna?"

"Ninacho."

"Chote?"

Alitazama dari. Cherehani sebuleni ilikuwa imenyamaza.

"Sehemu kubwa," alisema.

Binti yake alikuwa amezoea kuwapa watu habari mbaya, kwa hiyo alijua pia kuzipokea. Alimfunika vizuri blanketi. "Nilikuwa na miaka saba," alisema. "Surua imenifunga macho. Ukaniambia mfua nguo katoka kwa mlango wa mbele, nikalala." Akainuka, akarudisha kipimajoto kwenye kasha. "Sema unavyotaka kesho. Lakini usiseme unaumwa, maana wataniuliza mimi."

*

Jumamosi saa nne chumba cha maktaba kilijaa, watu wakakaa hata kwenye meza ya magazeti. Kamati, watu watatu wenye kalamu, walikuwa mbele. Kinyozi alikuwa na miwani ya mtu mwingine iliyomfanya aone kila kitu kikubwa mno, kwa hiyo aliivaa puani na kutazama juu yake. Bwana Ukurasa alikuwa na koti lake jeusi na vile vipande sita chini ya kwapa, vimefungwa kwenye karatasi ya khaki. Pembeni ya ubao kilikuwepo kile kiti chenye mikono. Alikitazama mara moja tu.

Mkutubi alisimama akiwa na kifurushi. "Kimefika leo asubuhi," alisema, akakikata kamba mbele ya watu wote. Akatoa vitabu viwili. Akavisoma majalada. Uso wake ukabadilika.

"Ni vya ufugaji wa nyuki," alisema. "Vyote viwili."

Watu waliguna. Bwana Ukurasa alihisi damu ikimrudi miguuni. Hakukuwa na nakala. Katika chumba kile, katika mtaa mzima, hapakuwa na karatasi ya kumpinga.

"Basi hatuna shida," alisema mkutubi, "mzee anacho chake. Au tusikusumbue kusoma. Tuelezee tu mwisho kama ulivyoandikwa, sisi tutakuamini."

"Tutamwamini," alisema mjumbe mmoja wa kamati, akaandika kitu.

Alisimama. Mwisho ule alikuwa ameusimulia mara mia, angeweza kuusimulia amelala. Alifungua kinywa, akamwona binti yake amesimama dirishani na sare ya kazi, akiwa ametoroka zamu kwa nusu saa. Akamwona mkewe safu ya mwisho, na mfuko wake wa kushonea mapajani, akimtazama kama alivyomtazama siku ile ya kigoda. Hakuwa anatabasamu wala hakuwa amenuna. Alikuwa anasubiri.

Akaweka vipande mezani, akafungua kamba ya viatu.

"Hizi ni sehemu sita," alisema. "Kitabu kina saba. Ya saba sijawahi kuisoma."

Kinyozi alivua miwani. "Hata kidogo?"

"Hata mstari mmoja."

"Na lile koti? Na ule uzi?"

"Nilitunga."

"Na ukurasa wa mia mbili na arobaini na moja?"

"Sijui hata kama upo."

"Haupo," ilisema sauti kutoka nyuma. "Kitabu kinaishia mia mbili ishirini na nane."

Viti vyote vililia kwa wakati mmoja. Mkewe alikuwa amesimama. Alikuja mbele taratibu, akiwaomba watu radhi alipokanyaga miguu yao, akafika mezani, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushonea. Alitoa vipimo vya karatasi vya gauni la mtoto, akavikunjua. Ndani yake kulikuwa na kijitabu chembamba, kimeshonwa pembeni kwa uzi uliopauka. Akakiweka kando ya vile sita. Kingo zake zililingana navyo, hadi pale wembe ulipokuwa umeteleza kidogo.

"Sehemu ya saba," alisema.

"Kama kwenye filamu!" alinong'ona dereva wa lori. "Shahidi wa mwisho!"

Bwana Ukurasa alikuwa ameshika meza. "Ulisema shangazi yako kaondoka nayo."

"Na wewe ulisema umeazima kwa mwenzako."

"Mwanamke, ulikuwa unaweza kusoma?"

"Wewe ulidhani nakaa nyumba yenye kitabu wiki nzima nakitazama tu? Nilikuwa navisoma vyote kabla hujaja kuvichukua. Hukuniuliza hata siku moja. Ulikaa kigodani ukaanza, 'Ngoja nikuambie,' nikakuacha uniambie."

Chumba kilicheka mpaka mkutubi akagonga meza kwa kitabu cha nyuki. "Mama," alisema, "tafadhali, tusomee mwisho."

Mkewe hakuhitaji kutafuta. Alifungua ukurasa wa mwisho akasoma kwa sauti iliyonyooka, bila kufuata mstari kwa kidole: "*Hakimu alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya joho, akaivaa tena. Alimtazama mfua nguo. Aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Kisha akafungua kinywa.*"

Akafunga kijitabu.

"Endelea," alisema kinyozi.

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi kitabu. Hapa chini wameandika *Mwisho*."

Chumba kizima kilikasirika.

"Kafungua kinywa, halafu?"

"Huyo mwandishi yuko wapi? Tumwandikie!"

"Na hiyo miaka kumi na miwili ya filamu wameitoa wapi?"

"Wameitunga," alisema mkutubi, naye mwenyewe akishangaa. "Wametunga, kama mzee alivyotunga."

Kinyozi aliinuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua duka akakuta hakuna viti. Alimtazama Bwana Ukurasa, akawatazama watu, akasafisha koo. "Mimi nimenyoa kura themanini na mbili na nusu wiki hii," alisema. "Kama waongo ni wawili, basi mimi nachagua mwongo wa mtaa wetu."

Walipiga makofi. Lakini kamati haikupiga. Wale watatu waliinamisha vichwa pamoja, kalamu zikaguna, na mkutubi akaitwa, akasikiliza, akarudi akiwa na ufunguo mkononi na haya usoni.

"Mzee, kamati inakushukuru kwa ukweli wako. Ila darasa linahitaji mtu…" Akatafuta neno. "Mtu aliyemaliza kitabu." Akamgeukia mke wa mzee. "Mama, wewe umekisoma chote?"

"Mara nne."

"Ungekubali Jumatatu?"

Mkewe alimtazama mumewe. Ule ufunguo ulikuwa mdogo, na kipande cha ubao kikining'inia. Bwana Ukurasa aliutazama kama alivyokuwa akizitazama saa za watu matajiri, kitu kizuri kinachopita mkononi kwenda kwa mwenyewe. Kisha akakunja ile barua iliyochanika, akairudisha mfukoni, na kwa sauti ya kila mtu kusikia akasema, "Mwulizeni kama atapokea mwanafunzi mmoja wa zamani."

"Atakaa dawati la mbele," alisema mkewe, akapokea ufunguo. "Na hataruhusiwa kuuliza ukurasa wa ngapi."

*

Nyumbani mkewe aliweka chai mezani. Bwana Ukurasa alikuwa amebeba mfuko wa kushonea njia nzima, na wapita njia wawili walikuwa wamemsalimia mkewe, "Shikamoo mwalimu," kabla hawajamsalimia yeye.

"Miaka thelathini na minne," alisema mwishowe.

"Na miezi."

"Ulijua siku ileile?"

"Uzi wa kukunja mara mbili na kuzungusha shingoni, nani alikuonyesha?" alisema mkewe. "Mimi. Umekaa kigodani, nashona koti la mteja, ukauliza kwa nini nazungusha. Wiki ya pili ukaja kuniambia mfua nguo kayasema mahakamani. Maneno yangu mwenyewe, umemvalisha yeye. Nikajua huna sehemu ya saba. Nilikuwa nimeikalia."

"Kwa nini uliificha?"

"Nilitaka kujua kama utakuja bila kitabu."

"Na kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Nilikuwa nasubiri uniombe. Ningekupa siku hiyohiyo." Akavuta kitambaa kwenye cherehani, akapanga makola. "Mimi ule mwisho wa kitabu uliniudhi. Nilikaa wiki nzima nimekasirika, hakimu kafungua kinywa hajasema. Halafu akaja kijana mwenye mikono ya kubeba masanduku, akamtoa yule mwanamke kwa mlango wa mbele. Sasa niambie, ningekuharibia?"

Alivaa lenzi yake jichoni, ile ya kazi, akavuta sehemu ya saba karibu na dirisha, akaanza kusoma. Alisoma taratibu, midomo ikisogea kidogo kama alivyofundishwa. Chai ilipoa. Makola matano yalishonwa, kisha kumi. Alifika ukurasa wa mia mbili ishirini na nane, akaugeuza, akatazama nyuma yake ambako hapakuwa na kitu, akaurudisha. Akavua lenzi.

"Sasa," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu wala ya fundi, "yule mwanamke alitoka kwa mlango gani?"

Mkewe hakuinua mguu kwenye pedali.

"Wa mbele," alisema. "Na hakimu alisimama."